Barua ya mwaliko ilikuwa rahisi, kadi ya ubatizo ndiyo ilitutoa jasho

Wacha nianze na makosa yetu ya kuwatafutia wazazi viza ya Kanada, juu hapo ndipo pesa nyingi ilienda.

Dada yangu mkubwa anaishi Edmonton, Kanada. Alienda huko kusoma, akapata kazi, akapata ukaaji wa kudumu, akaolewa, na mwisho wa 2023 akajifungua mtoto wake wa kwanza. Sasa we fikiria mama wa Meru ameambiwa mjukuu amezaliwa na picha ndizo anaonyeshwa kwa simu. Kila jioni ananipigia, "kwani hiyo ndege inaendanga lini?" Na kwa sababu mimi ndiye niko Nairobi, Kahawa West, na ndiye najua kutumia kompyuta kidogo, nikawa tarishi wa familia nzima, dada upande ule anatuma makaratasi yake, wazazi ushago wanatuma yao na matatu mpaka stendi ya Tea Room mjini, mimi katikati na bahasha kwapani.

Mara ya kwanza tulipitia kwa ejenti mmoja hapa mjini. Alikuwa na ofisi safi, bendera ndogo mezani, na akatuambia maneno ambayo yangenistua kama ningekuwa na akili ya leo: "nyinyi leteni barua ya mwaliko na stetimenti ya benki yenye pesa, hiyo ingine niachieni." Dada akaandika barua, ejenti akaisoma akasema ni fupi, akampa yake ya kukopi. Hiyo barua yake ilisema wazazi wangu watafurahia kutembelea Maporomoko ya Niagara. Niagara na Edmonton! Ni kama mtu akuambie anaenda kutembelea bintiye Nairobi halafu aandike ataogelea Zanzibar kila jioni, tena afadhali hiyo ya Zanzibar, ya Niagara ni masaa ya ndege. Na mama yangu hajawahi taja maporomoko yoyote maishani mwake, mama anataka kubeba mtoto mgongoni basi.

Pesa nayo ikawa hivi: mzee ni mwalimu mstaafu, pensheni yake inaingia kila mwezi, si pesa ya kutisha, na wana majani chai, wanalipwa na KTDA, shirika la chai, kila mwezi kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Ejenti akaangalia stetimenti akasema hii ni ya mtu maskini. Dada akatuma laki sita kwa akaunti ya mzee kwa mpigo, tukaprinti stetimenti baada ya siku nane, benki wakagonga muhuri, tukajiona wajanja.

Tuliomba ile viza ya kawaida ya mgeni. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Barua fupi, ati afisa hajaridhika kwamba mtaondoka Kanada muda wenu ukiisha, kifungu 179(b) cha kanuni zao za uhamiaji, sababu: mali yenu na hali ya kifedha, na lengo la safari. Mzee aliisoma mara tatu, akavua miwani, akaniuliza, "Hawa wanafikiria mimi nitakaa kwa theluji niache ng'ombe zangu na nani?" Sikuwa na jibu. Ejenti naye alikuwa na jibu, alitaka tulipe tena tuombe wiki hiyo hiyo na makaratasi yale yale. Tukaachana naye hapo.

Kitu kilichotusaidia, na watu wengi hawajui, ni kwamba unaweza kuomba yale maandishi ya afisa aliyekataa, yale aliyoandika kwa mfumo wao akiangalia faili lako. Dada akiwa huko alilipa dola tano, mama na mzee wakasaini fomu ya ridhaa, IMM 5744, nikaiskani nikamtumia, na baada ya mwezi na kitu tukapata. Hapo ndipo nilijua hakuna mtu alitudharau, afisa alisoma tu kile tulimpa. Pesa kubwa imeingia juzi na haijaelezwa imetoka wapi, linganisha na mapato ya kila mwezi. Lengo la safari halieleweki, utalii au familia? Uhusiano na nyumbani haujaonyeshwa. Na kweli, katika ile faili yote hakukuwa na karatasi hata moja inaonyesha mzee ana shamba. Tulikuwa tumejaza makaratasi ya dada, kazi yake, nyumba yake, mshahara wake, utafikiri ni yeye anaomba viza.

Awamu ya pili tukaamua ni supa viza, ile ya wazazi na babu na nyanya wa raia au wakaaji wa kudumu. Ukiwa na viza hiyo unaweza kukaa mpaka miaka mitano kwa safari moja, ingawa wetu hawakutaka zaidi ya miezi saba. Masharti yake ni mengi lakini angalau yameandikwa, unajua unapigana na nini.

Upande wa dada ulikuwa hivi. Barua iliyosainiwa na yeye mwenyewe, inayoahidi kuwagharamia muda wote watakaokuwa huko, na kutaja watu wote wa nyumba yake kwa majina na idadi. Nakala ya kadi yake ya ukaaji. Na ushahidi wa mapato, hapo ndipo kulikuwa na mtego. Kuna kiwango cha chini cha mapato, wao hukiita LICO, kinabadilishwa kila mwaka, na kinategemea ukubwa wa familia. Dada alihesabu watatu: yeye, mume, mtoto. Kumbe wazazi wanaokuja pia wanahesabiwa, kwa hivyo ni watano, na kiwango cha watano si cha watatu. Halafu ile karatasi ya mwaka kutoka ofisi ya ushuru ya huko, NOA, ilionyesha mapato yake yameshuka kwa sababu mwaka huo alikuwa amepunguza kazi akingoja kujifungua. Alilia kwa simu, nikasikia mtoto pia analia nyuma yake. Lakini sheria inaruhusu mume asaini barua pamoja naye ili mapato yao yaunganishwe, basi shemeji akaleta NOA yake, barua ya mwajiri inayosema anafanya kazi gani tangu lini na analipwa ngapi, na pesilipu zake. Hiyo ikaisha.

Bima nayo lazima iwe ya angalau dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mzima kuanzia siku ya kuingia, inalipia matibabu, kulazwa, na hata kurudishwa nyumbani. Wakati wetu, 2024, ilibidi iwe ya kampuni ya Kanada, tangu Januari 28, 2025 wakaruhusu pia kampuni za nje zilizoidhinishwa na msimamizi wao. Kitu cha kuangalia ni kwamba kotesheni haikubaliwi, lazima ionekane imelipwa, yote au kwa awamu na dipoziti. Kwa mzee wa miaka 76 mwenye presha hiyo bima si bei ya mandazi, na dada aliuliza kampuni kadhaa kwanza kuhusu kurudishiwa pesa kama viza itakataliwa. Uliza hiyo kabla hujalipa.

Sasa upande wetu.

Walitaka kitu kinachoonyesha kwamba hawa ni wazazi wa huyu. Cheti cha kuzaliwa cha dada, si basi? Dada alizaliwa nyumbani, cheti chake kilichukuliwa miaka mingi baadaye alipokuwa anajiandikisha kwa mtihani wa shule, na aliyekijaza aliandika jina la mama vile alisikia. Mama ana jina la Kikristo, jina la Kimeru na jina la babake. Kwa kitambulisho ana jina la Kikristo na jina la mzee. Kwa cheti cha dada ana jina la Kimeru peke yake na jina la babake, tena na "r" mahali pa "l". Kwa paspoti, ambayo tulikuwa tumehangaikia Embu, imefuata kitambulisho. Ukiziweka hizo karatasi tatu mezani mbele ya mtu asiyetujua, atakuambia hawa ni wanawake wawili. Na dada mwenyewe, kadi yake ya Kanada ina jina la ukoo la mumewe, kwa hivyo hata yeye hafanani na yule mtoto wa kwenye cheti. Afisa wa kwanza hakuuliza kwa sababu hatukuwa tumeweka cheti chochote, eti ejenti alisema majina yatatosha.

Kwa dada ilikuwa rahisi, cheti chake cha ndoa kinaonyesha jina la kwanza na la pili, tukakiambatisha. Kwa mama nilienda kwa wakili mmoja nikamweleza, akasema tufanye didi poli, mama abadilishe jina rasmi, litangazwe kwa gazeti la serikali, na akataja bei nikashika kiti. Nikamuuliza, lakini mama hajabadilisha jina, si ni watu tu wamekuwa wakimuandika tofauti? Akanyamaza kidogo akasema basi hati ya kiapo inaweza kutosha. Hati ya kiapo ni ukurasa mmoja na nusu, mama anaapa kwamba majina haya yote ni yake, anayataja vile yalivyo kwa kila karatasi, namba ya kila karatasi, anasaini mbele ya kamishna wa viapo. Tofauti ya pesa kati ya hizo mbili ningenunua ndama.

Lakini kiapo ni maneno ya mtu mwenyewe, nikataka karatasi ya zamani ya kukiegemeza. Nikampigia mama, "Mama, kuna karatasi yoyote iko na majina yako yote?" Akasema hakuna. Nikauliza ya kanisa. Akakaa kimya halafu akasema, "Iko ile kadi, lakini panya waliionja." Kadi ya ubatizo! Ilikuwa ndani ya Biblia, kona moja imeliwa kweli, lakini majina yote matatu yapo, wino wa bluu, na jina la babake bila makosa. Mwaka wa kuzaliwa pale ni 1954, kitambulisho kinasema 1952, nikaona tena ni shida ingine, tukaongeza sentensi kwa hati ya kiapo na barua ya chifu kueleza kwamba wakati wa kuandikisha kitambulisho mwaka ulikadiriwa.

Kadi imeandikwa Kiswahili cha misheni cha zamani, na karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza au Kifaransa lazima itafsiriwe. Mimi nikasema hiyo ni kazi ya dakika tano, Kiswahili nimekisoma mpaka fomu foo. Hapana. Mtu wa familia haruhusiwi kutafsiri, lazima awe mtu mwingine, na kama si mtafsiri aliyethibitishwa anaapa pia kwamba tafsiri ni sahihi. Kwa hivyo nikalipa mtu anitafsirie maneno "amebatizwa" na "mzazi wa kiroho". Nililipa nikicheka.

Halafu ile fomu ya familia, IMM 5645. Inaonekana ndogo lakini msiichezee. Inataka watoto wote, wa kuzaa, wa kulea, wa kambo, wa umri wowote, wawe wanaishi wapi, hata waliofariki. Ejenti alikuwa ameandika watatu: dada, mimi na ndugu yangu wa Meru. Siku hiyo wazazi walikuwa wamekuja kwangu, nikiwa na kalamu, nikasoma swali kwa sauti kwa Kiswahili. Mzee akakohoa. Akasema kuna kijana wa Isiolo, aliyemzaa kabla ya kuoa, sote tunamjua na tunamuita kaka, lakini sijawahi kusikia mzee akimtaja mbele ya mama kwa mdomo wake. Mama akasema, "Mwandike, si ni mtoto." Kisha mama naye akasema, kabla yako kulikuwa na msichana, aliishi wiki mbili. Mimi nina miaka thelathini na nane na hiyo ndiyo mara ya kwanza nasikia. Alitaja jina lake na mwaka. Nikaandika. Hatukuongea kitambo, nikaenda kuweka chai.

Kwa sababu ombi la kwanza lilikuwa na majina machache, na fomu inauliza kama umewahi kukataliwa viza, tulisema ndiyo, tukaweka barua ya nusu ukurasa inayoeleza kilichoachwa na kwa nini. Niliogopa hiyo barua kuliko kitu chochote, nikafikiria tunajichongea. Lakini kuficha ni mbaya zaidi, wakisema umetoa habari za uongo unaweza kufungiwa miaka mitano.

Ushahidi wa nyumbani niliuchukulia muda, juu kuukosa ndiko kulitunyima viza mara ya kwanza. Hati ya shamba na matokeo ya upekuzi wa ardhi ya hivi karibuni, maana hati peke yake inaweza kuwa ya zamani na shamba limeuzwa. Stetimenti za majani chai zenye namba ya mkulima, za mwaka mzima na bonasi yake. Karatasi za pensheni. Barua ya kanisa kwamba mzee ni mzee wa kanisa na anatarajiwa kuendelea na kazi yake. Na barua yangu na ya ndugu yangu, kwamba sisi tunabaki, mifugo nani atachunga, wazazi wakirudi wataishi nyumba gani. Ndugu yangu alitaka kutaja ng'ombe kwa majina, nikakataa, sasa hivi naona pengine angeachwa tu.

Stetimenti ya benki safari hii tuliiacha vile iko. Miezi sita, pensheni inaingia, inatoka, hakuna laki sita ya miujiza. Ile pesa dada alikuwa anatuma kila mwezi ilikuwa inaingia kwa M-Pesa ya mama, tukatoa stetimenti ya M-Pesa pia, ionekane ni mtindo wa miaka na si mchezo wa wiki moja. Angalizo dogo: ile PDF inakuja imefungwa na neno la siri. Ukiiweka kwa mtandao wao ikiwa imefungwa, afisa hataifungua, hana haja. Kijana wa saiba, lile duka la kompyuta, alinifungulia, akaiprinti upya kama PDF mpya, na ndiye alinifundisha kupunguza ukubwa, maana kila faili isizidi MB nne na nafasi ni chache, lazima uunganishe karatasi nyingi kuwa faili moja. Nilizipanga na ukurasa wa kwanza unaosema ndani kuna nini. Nimekaa kwa hiyo saiba mpaka mwenye duka akawa ananiuzia chai kwa mkopo.

Ada ilikuwa dola 100 za Kanada kila mtu, na alama za vidole 85 mtu mmoja, lakini watu wa familia wakiomba pamoja haipiti 170. Barua ya kuitwa alama za vidole lazima uiprinti uende nayo, ya simu haitoshi. Siku hiyo mashine ikamkataa mama. Kidole kinawekwa, kinapanguswa, kinawekwa tena, msichana wa kaunta anasema bonyeza kidogo mama. Miaka arobaini ya kuchuma chai imelamba vidole vyake vyote. Mama akajionea aibu, akaanza kuficha mikono chini ya leso, na yule msichana, Mungu ambariki, akamwambia "hata nyanya yangu wa Kericho ni hivyo," akampa kitambaa chenye maji, akajaribu tena polepole mpaka zikaingia. Tangu hapo nawaambia watu wa shamba, wiki moja kabla pumzisha mikono na upake mafuta.

Vipimo vya daktari vinafanywa na daktari aliye kwenye orodha yao tu, si yule wenu wa mtaani. Eksirei ya kifua, mkojo, damu. Mzee alibeba orodha ya dawa zake za presha imeandikwa na zahanati, ikasaidia.

Jibu lilikuja Desemba. Sikuwaambia kwa simu, nilipanda gari ya asubuhi nikaenda Meru na paspoti mbili kwa mfuko wa koti. Mama alikuwa anafua. Mzee akasema, "Wacha kwanza niangalie kama majina ni sawa," akaenda kutafuta miwani.

Walisafiri Machi kupitia Addis Ababa mpaka Toronto. Tuliomba viti vya magurudumu, si kwamba hawawezi kutembea, ni kwamba anayesukumwa na mhudumu hapotei. Kwa mkoba wa mkononi niliweka nakala za barua ya dada, bima, tiketi ya kurudi na namba za simu zimeandikwa kubwa, kwa sababu viza inakufikisha mlangoni tu, afisa wa mpakani ndiye anaamua uingie na ukae muda gani. Aliwauliza bima iko wapi. Mzee akaitoa. Akawauliza wanakuja kufanya nini, na mama, ambaye Kiingereza chake ni cha kanisani, hakungoja mzee atafsiri, akaweka mikono miwili mgongoni akajitikisa kama mtu anayebembeleza mtoto.

Walirudi Oktoba, bonasi ya chai ikiwa karibu kuingia. Kadi ya ubatizo niliirudisha kwa Biblia, ndani ya plastiki, na paka tumeshanunua.